Pindo Lililokosa Uzito

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi kilikuwa pini mdomoni. Mafundi wote wa cherehani hushika pini kwa midomo wanapompima mtu nguo, na jambo hilo lisingenishangaza hata kidogo, ila siku hiyo Fundi hakuwa akipima nguo. Hakuwa na kitambaa mapajani wala mteja mbele yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni pa duka, mikono mitupu, akimsikiliza jirani yake Msusi akimsengenya mwanakwaya mmoja wa kanisani kwao, na katikati ya midomo yake zilimetameta pini kama masharubu ya paka.

Nilikuwa nimehamia chumba cha nyuma ya duka lake, nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha, sanduku la vitabu, na matumaini ya kuitwa kufundisha mahali fulani. Niliwasalimu wote wawili. Fundi akanijibu kwa kuinua nyusi.

"Usimshangae," Msusi akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. "Ukiona pini zimeingia, ujue habari yangu imekuwa tamu. Anaogopa ataongeza chumvi."

Fundi akacheka kwa pua, maana kucheka kwa mdomo kungemchoma.

Nilikuja kumuuliza baadaye, tulipozoeana, na hakunificha. "Msomi," alisema, kwa kuwa hilo ndilo jina alilonipa tangu alipoliona sanduku la vitabu, "siku nilipookoka nilidhani utu wangu wa kale umehama na mizigo yake yote. Kumbe ni mpangaji sugu. Notisi nilimpa, kanisa zima likashuhudia, lakini vyombo vyake bado vimo ndani. Kila asubuhi nikiamka namkuta ameshatangulia jikoni."

"Kwa hiyo mimi na yeye ni wapangaji wenza?"

"Wewe unalipa kodi na kufagia uwanja. Yule hafagii, hahami, na kila nikimwambia neno ananiambia hii ni nyumba yake tangu utotoni." Akazitoa pini mfukoni mwa aproni akanionyesha. "Mlango anaopenda kutokea ni ulimi. Ndio maana nikauwekea kufuli."

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ya kukanyaga ilikaa karibu na dirisha. Pembeni yake meza ya kukatia, yenye alama za chaki zilizopandana mpaka huwezi kusema ipi ni ya nguo ya nani. Nyuma ya cherehani kulikuwa na mlango usiofungwa kamwe. Kupitia mlango huo ulikiona kitanda cha mama yake, kilichogeuzwa makusudi ili mama akilala aione cherehani, na Fundi akikanyaga amwone mama. Kiharusi kilikuwa kimempiga bibi huyo upande mzima wa kulia na kumwachia maneno machache kama punje zilizobaki kwenye ungo. Fundi ndiye aliyemgeuza asipate vidonda, aliyemwogesha, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko. Ulikuwepo mchumba zamani. Alikuwa mwashi, mwanamume mpole, akataka wahamie mji mwingine kwenye kazi. Fundi aliangalia kitandani, akamwambia aende salama.

Kanisa lao hubatiza kwa kuzamisha, na lina birika kubwa la saruji uani lenye ngazi pande mbili. Magauni meupe ya ubatizo yote yalishonwa na Fundi. Ukiyainua, utashangaa uzito wake chini. Ndani ya pindo la kila gauni Fundi hushona washa, vile vyuma vyembamba vya duara vyenye tundu katikati ambavyo mafundi wa baiskeli huviweka chini ya nati. Hupewa zile zilizochakaa, akazisugua, akazifunga moja moja kwa nailoni zisitoe kutu kwenye kitambaa cheupe, kisha akazitengenezea vijimfuko ndani ya pindo.

"Kitambaa kikiingia majini kinajaa hewa," alinieleza. "Kinapanda juu kama mwavuli. Mimi nilibatizwa nikiwa msichana mdogo, kwa gauni la kuazima lisilo na kitu chini. Nilipofika katikati ya maji likapanda mpaka kifuani. Vijana waliokuwa wamepanda ukutani wakacheka, Msomi, mpaka mmoja akaanguka. Mchungaji wa wakati ule alifumba macho akaendelea na sala kana kwamba hakuna kitu. Nilitokaje mle sijui. Nilichobaki nacho ni kile kicheko. Nikaapa hakuna mwanamke mwingine atakayeaibika siku ya furaha yake kwa sababu ya pindo."

Nimeyaeleza haya mapema ili yatakayofuata yaeleweke. Fundi alijua kuliko mtu yeyote duniani kazi ya vyuma vile.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, kitinda mimba wa nyumba hiyo, na wote walimwita Kitinda. Kitinda aliondoka akiwa msichana, akifuatana na mwanamume mwenye gari, akapotelea huko. Hakuna simu, hakuna salamu, hata mama alipougua. Jina lake ndilo lililobaki, tena mahali pabaya: tangu kiharusi, mama alipomhitaji Fundi alimwita Kitinda.

"Nawe uliitika?" nilimuuliza.

"Niliitika abee. Niliona afadhali kuitwa kwa jina la mwingine kuliko kutoitwa."

Kisha Kitinda akarudi. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa kwenye ngazi na gazeti la matangazo ya kazi. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mfuko mmoja begani, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ndogo, "Hodi, Dada." Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kanyagio. Kabla hajasema karibu, sauti ikatoka chumbani, wazi kabisa, sauti ambayo sikujua mama yule bado anayo:

"Kitinda!"

"Abee, Mama," Fundi akaitika kwa mazoea, akanyanyuka.

Mama akauinua mkono wake mzima, akaupunga kushoto na kulia, kama mtu anayemwondoa kuku mlangoni. Alikuwa akimwambia Fundi asogee. Alikuwa amemzibia.

Fundi akasogea. Kitinda akapita mbio, akapiga magoti kando ya kitanda, na kilio kilichofuata kiliwaleta majirani wote, Msusi akiwa wa kwanza, kitana kikiwa bado mkononi. Fundi alibaki amesimama karibu na cherehani, akiwapangusia wageni viti. Midomo yake ilikuwa imejaa pini.

Wiki zilizofuata niliujifunza wivu kama mtu anavyojifunza somo jipya, kwa kuuona ukifanya kazi mbele yangu. Viatu vya Kitinda vilivuliwa mahali palipozoea viatu vya Fundi, na vya Fundi vikahamia nje. Uji ambao mama aliukataa kwa Fundi, meno yamefumbwa, aliufungulia kinywa kama kinda mara kijiko kilipokuwa mkononi mwa Kitinda. Kitinda hata kushika kijiko alikuwa hajui. Alimmwagia uji shingoni, na mama akacheka. Fundi ndiye aliyefua ile nguo yenye uji.

"Miaka yote hiyo sijawahi kummwagia tone," alisema akiikamua, "na sijawahi kumwona akicheka."

Kanisani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kitinda alikwenda mbele Jumapili moja, akaeleza alikopita na jinsi alivyotamani kurudi akaona haya, na watu wakalia. Mke wa mchungaji alimkumbatia mpaka kilemba kikamdondoka. Wanawake walimletea nguo, sabuni, wakamwombea kwa kumshika mikono. Alipoimba, aliimba nje ya sauti, na wakasema ana moyo.

"Mimi nimefagia lile kanisa tangu meno yangu ya utotoni," Fundi aliniambia siku ya pili yake, akikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. "Hakuna aliyewahi kupiga makofi ufagio ulipoingia. Labda ningepotea kwanza. Labda ningekuwa nimetafuta gari na mimi." Akaingiza uzi upya kwenye tundu la sindano. "Unaona? Huyo ndiye mpangaji anaongea. Asubuhi hii hii nilipiga magoti nikaukabidhi wivu kwa Mungu, nikasema chukua, sitaki tena. Haijafika saa ya chakula nimeshakwenda kuudai."

Na hayakuwa maneno ya kujisingizia wema. Nilimsikia kupitia ukuta, kila alfajiri, akiomba kwa sauti ya chini. Hakuomba kama mshindi. Aliomba kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi uliotoboka, akijua kesho ataamka ayatoe tena. Nilisoma mengi chuoni juu ya dhamiri, lakini sikuwahi kuiona ikiamka mapema namna ile na kufanya kazi ngumu namna ile.

Kilichomshinda kilikuwa kitambaa.

Chini ya kitanda cha mama lilikuwepo sanduku la bati, na ndani yake kitambaa cheupe, chenye maua madogo yaliyofumwa humo humo, ambacho mama alikinunua akiwa mzima. Hakuwahi kusema ni cha nini. Lakini binti akiwa mkubwa nyumbani, na mama akanunua kitambaa cheupe cha namna hiyo akakihifadhi, binti hahitaji kuelezwa. Hata mwashi alipokwenda zake, Fundi aliendelea kukitoa kila kiangazi, kukianika kivulini, kukikunja upya ili mikunjo isikate nyuzi, na kukirudisha.

Ilipotangazwa kwamba Kitinda atabatizwa, yakapimwa magauni ya kanisa, na yote yakamwishia kwenye magoti kwa urefu wake. Mke wa mchungaji akasema lishonwe jipya. Jioni hiyo mama alikipiga kitanda kwa mkono wake mzima mpaka mabinti wote wawili wakaja. Akaonyesha chini.

"Sanduku," Fundi akasema. "Unataka sanduku, Mama?"

"Ki... tambaa." Mama akahema. "Kitinda."

Fundi akangoja. Kwa miaka yote jina hilo lilikuwa lake, na alinieleza kwamba kwa kitambo kifupi alisadiki kuwa mara hii pia ni lake. Kisha mama akanyoosha kidole kumwelekea yule mrefu.

"Ee, Mama, hiki kizuri mno!" Kitinda akasema, akikifunua. "Dada, kilikuwa cha nini?"

"Kilikuwa kinangoja tu," Fundi akajibu.

Akalishona lile gauni. Sijawahi kuona kazi safi kama ile: mshono wa bega hauonekani, shingo imetulia, mikono imelegea kiasi cha mtu kuinua kwa heshima. Akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Nilipokuwa natoka kwenda posta, upepo mdogo ukapita, ule usiotikisa hata jani, na gauni likainuka chini, likacheza, likashuka. Nikasimama. Nilikwisha kuyaona magauni ya kanisa yakitundikwa pale pale siku za kupigwa pasi, yakining'inia wima kama askari kwenye gwaride.

"Fundi," nikamwambia, "mbona hili linacheza?"

Akafungua kopo, akachukua pini, akaziweka mdomoni moja baada ya nyingine, akaendelea kutia vifungo vya shati la mtu mwingine. Mbele yake, kwenye rafu, mfuko wa washa ulikuwa umefungwa kama ulivyoletwa.

Nakiri kwamba sikumwambia mtu. Nilijiambia kazi haijaisha, mshonaji ana ratiba yake. Siku zikapita na mfuko haukufunguliwa.

Jumatano ya wiki ya ubatizo, Kitinda alitaka kulijaribu gauni mbele ya mama. Wakamkalisha mama kwenye kiti chenye mito, nami nikaitwa nishike kioo kirefu kwa kuwa msumari wake uling'oka. Kitinda akatoka nyuma ya pazia, mweupe kutoka shingoni mpaka vidoleni.

"Mama, sema kweli. Niko kama malaika au kama chandarua?"

Nusu ya uso wa mama iliyobaki hai ikacheka. Msusi, aliyekuwa dirishani kama kawaida yake, akasema, "Chandarua, tena kipya. Mbu watakuheshimu."

Kitinda akazunguka kama mtoto. Gauni likajaa hewa. Likainuka mpaka magotini, mpaka juu ya magoti, jepesi kama unyoya, na wote tukacheka, isipokuwa wawili. Fundi alikuwa amegeuka ukutani, pini mdomoni. Na mama alikuwa ameacha kucheka ghafla. Sauti ikamtoka, si neno, ni kama ya mtu aliyeona mtoto anakaribia kisima. Akajivuta mbele kwenye kiti, nikadhani ataanguka, akaudaka upindo wa gauni kwa mkono wake mzima, akaukandamiza kwenye miguu ya Kitinda kwa nguvu zake zote.

"Shika," akasema. "Shika. Maji."

"Mama, maji yako wapi?" Kitinda akamwinamia. "Bado ni Jumatano, mama yangu."

"Shika!"

Fundi akageuka. Aliutazama ule mkono uliokandamiza kitambaa, na uso wake ukabadilika hivi kwamba nilikaribia kuangusha kioo. Alinieleza baadaye kilichomjia. Aliona mkono ule ule, lakini wa kijana, umelowa. Aliona viatu vya Jumapili vya mama yake vikishuka ngazi za birika, na gauni lake zuri la kijani likizama, na mama akipita majini mbele ya kanisa zima mpaka kwake, akilikamata lile gauni la kuazima na kulivuta chini, akimshikia hivyo mpaka sala ikaisha. Viatu vile havikuvalika tena. Ndivyo alivyotoka mle majini. Kwa miaka yote alikikumbuka kicheko, akamsahau aliyeingia majini na viatu.

Akazitoa pini mdomoni. Akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, zote.

"Kitinda, vua hilo gauni."

"Halijanikaa?"

"Limekukaa. Vua. Ni jepesi."

"Jepesi si ndiyo raha, Dada?"

"Halina vyuma. Magauni yote ya kanisa yana vyuma kwenye pindo, yasipande majini. Lako sikuweka."

"Ah, umesahau tu. Kazi nyingi."

"Sikusahau."

Msusi alijitoa dirishani nusu, akarudi. Kitinda alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu anayengoja sehemu ya pili ya utani. Halafu likamwisha.

"Lingepanda mpaka wapi?"

"Kifuani. Langu lilipanda mpaka kifuani."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Mbele ya Mama." Sauti ya Kitinda ikakatika. "Dada, nimekukosea nini?"

"Umerudi," Fundi akasema.

Fundi akalirudia tena, polepole, kama anayelisoma mahali. "Umerudi. Niliomba urudi kila siku, Mungu ni shahidi yangu. Nikaomba mpaka magoti yakaota sugu. Halafu ukarudi, ukachukua kila kitu bila hata kuinama. Jina nililokuwa naitikia. Uji. Kitambaa. Nikasema na wewe uonje kidogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikishona kabisa kwa mkono wangu. Nisamehe, mdogo wangu. Lakini usinisamehe haraka kwa kuwa watu wanatazama."

Kitinda hakumsamehe haraka. Alilivua gauni nyuma ya pazia, akalitupa juu ya cherehani, akatoka na mlango ukalia nyuma yake.

Baada ya muda Msusi akaja, mikono kiunoni. "Mdogo wako yuko kwangu analia, kichwa nimekisuka nusu hakitulii. Na kuna wateja pale wananiuliza kuna nini. Niwaambieje?"

Nilimwona Fundi akiliangalia kopo la pini. Mkono haukwenda.

"Waambie nilitaka kumwaibisha majini kwa sababu ya wivu."

Msusi akanyoosha mkono. "Basi niazime mimi hizo pini," akasema, akaondoka nazo kweli.

Usiku ule ilisikika sala tu. Asubuhi yake Fundi aliufumua upindo wote. Alikisogeza kiti cha mama mpaka kwenye meza ya kukatia, akaufungua ule mfuko, akazimwaga washa kwenye sahani mapajani mwa mama. Mama akawa anazipokeza kwa mkono wake mzima, moja moja. Fundi akazifunga, akazitia mfukoni mwa pindo, akashona. Mara moja mama alimpa washa, akaushikilia mkono uliokuja kuipokea.

"Kitinda," akasema.

"Abee," Fundi akajibu, na nilimwona akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni mimi mwingine, Mama. Lakini abee."

Nisingependa msomaji adhani jambo hilo lilimponya. Saa ile ile Kitinda alirudi kimya, akapita kumbusu mama kwenye paji la uso, na mama akang'aa kama taa iliyowashwa. Na mimi niliyekuwa karibu niliiona sindano ikimchoma Fundi kidoleni. Akakinyonya kile kidole asije akatia doa kwenye kitambaa. "Ameamka," akaninong'oneza. "Mpangaji. Amesikia harufu ya chakula." Akaendelea kushona.

Jioni Kitinda aliliinua gauni kutoka kwenye msumari, akalipima kwa mikono.

"Zito."

"Limezidi?"

"Hapana. Limetosha." Akalirudisha. Akaenda kuteka maji.

Kanisa lao lina desturi yake kuhusu taulo. Kila anayebatizwa huja na taulo lake, na akiwa amesimama kwenye ngazi ya juu, kabla ya kushuka, humkabidhi mtu anayetaka ampokee upande wa pili. Hatangazi kabla. Mtu huyo huzunguka birika, akasimama kwenye ngazi ya kutokea, na yeye ndiye wa kwanza kumfunika akitoka majini. Wengi huwapa mama zao. Mama wa hawa hawezi kusimama. Kanisa zima lilikuwa limedhani litakuwa taulo la Fundi, mpaka Jumatano ilipotokea. Sasa wengi wanamtaja mke wa mchungaji.

Leo ni Jumamosi. Tangu adhuhuri vijana wanajaza birika kwa mpira wa maji, na kutoka hapa tunausikia mlio wake ukibadilika kadiri maji yanavyopanda. Kiti cha mama kimefungwa miti miwili ubavuni ili abebwe mpaka ukingoni. Msusi amemaliza ile nusu ya pili ya kichwa cha Kitinda, na kwa mara ya kwanza amerudisha alichokiazima, zile pini. Gauni limepigwa pasi. Linaning'inia karibu na mlango, na upepo unapita chini yake bila kulitikisa.

Taulo la Kitinda liko juu ya mto wake, la buluu, limekunjwa. Fundi amelipita mara nyingi leo, akielekea jikoni, akirudi, na kila mara shingo yake imegeuka yenyewe. Ameitoa nguo yake ya Jumapili, na viatu vyake amevisugua mpaka vinatoa mwanga. Nikamuuliza kwa nini viatu, wakati atakayepokea taulo hukaa kwenye ngazi kavu.

"Mtu hajui," akasema. "Inawezekana nikalazimika kuingia."

"Na kama atampa mke wa mchungaji?"

Akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, mikono mitupu, mdomo mtupu. Akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepima kitambaa asije akakata kifupi.

"Nitapiga makofi," akasema. "Mpangaji atanuna, atavunja vyombo humu ndani. Lakini mikono ni yangu."

Ndani, Kitinda akaanza kuimba akimlisha mama uji, nje ya sauti kama kawaida yake. Halafu wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Dada!" akaita. "Kesho utatoka saa ngapi? Usitutangulie. Tungoje, tutoke pamoja."

Fundi alikwisha kusimama tangu alipoitwa.